Duka Limefunguliwa Mtandaoni, Pesa Ipite Wapi?

Ni saa nne usiku, Jumamosi. Mteja mmoja yuko nyumbani kwake Mwanza, simu mkononi, na amekwisha kuchagua vikapu viwili vya milulu kwenye duka la mtandaoni la Iringa. Ameandika jina lake na mahali anapoishi, akabonyeza neno "Lipa". Ukurasa unaofuata unamtaka ajaze tarakimu 16 za kadi ya benki. Kadi hana. Pesa anayo, tena iko ndani ya simu hiyohiyo aliyoishika, ila duka halikumwekea njia ya kuitoa. Anafunga ukurasa, analala. Mwenye duka naye amelala, na kesho asubuhi hatakuwa na habari kwamba shilingi 90,000 zilifika mlangoni kwake zikarudi zilikotoka.

Kisa hiki ni cha mfano, lakini aliyewahi kununua kitu kwenye maduka madogo ya mtandaoni ya Afrika Mashariki hatakiona kigeni.

Wanaofungua maduka ya aina hii hutumia wiki nzima kuchagua rangi ya tovuti, picha za bidhaa na jina la duka. Swali la nani atapokea pesa huachiwa fundi wa tovuti, naye huweka kampuni aliyoizoea. Ni sawa na kupanga fremu Kariakoo bila kuuliza kodi, bila kusoma mkataba na bila kumjua mwenye nyumba. Kampuni ya malipo itakata kitu katika kila mauzo, itakaa na pesa za duka kwa saa au siku kadhaa, na siku mteja akilalamika, itakuwa na sauti katika kuamua pesa zibaki kwa nani. Uamuzi mzito hivyo ni wa mwenye duka mwenyewe.

Kadi na simu

Tarehe 11 Agosti 1994, kijana mmoja wa Philadelphia, Marekani, alinunua CD ya mwanamuziki Sting kwa dola 12.48 kupitia duka la NetMarket. Alilipa kwa kadi, na namba za kadi hiyo zilisafiri zikiwa zimefichwa kwa usimbaji ili asiwepo wa kuzidaka njiani. Ununuzi huo hutajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kulindwa namna hiyo kwenye intaneti. Tangu hapo biashara ya mtandaoni ilijengwa juu ya kadi. PayPal, iliyoanza mwaka 1998, na Stripe, iliyoanzishwa na ndugu wawili wa Ireland mwaka 2010, zilizaliwa katika mazingira ambayo mnunuzi tayari ana kadi mfukoni.

Afrika Mashariki ilipita njia nyingine. M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008, na kwa mamilioni ya watu akaunti ya kwanza ya fedha maishani mwao ikawa laini ya simu. Ndiyo maana programu za kutengeneza maduka zilizotoka Ulaya na Marekani huja zikiwa na nafasi ya kadi tu. Nafasi ya namba ya simu inabidi iongezwe, na anayeiongeza ni kampuni ya malipo iliyochaguliwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza ni mteja wa duka hili ameweka wapi pesa zake. Makato yanafuata baadaye.

Jibu hubadilika kutoka mji hadi mji. Anayewauzia watu wa Nairobi na Nakuru akiweka M-Pesa peke yake atakuwa amewafikia wateja wake wengi. Anayeuza Tanzania hana raha hiyo, kwa kuwa soko limegawanyika: kuna M-Pesa ya Vodacom, kuna Mixx by Yas ambayo hadi mwaka 2024 watu waliijua kwa jina la Tigo Pesa, kuna Airtel Money, kuna HaloPesa. Tanzania ilikuwa ya mwanzo barani Afrika kuiwezesha mitandao ya simu kutumiana pesa moja kwa moja, kuanzia makubaliano ya mwaka 2014, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Baadaye Benki Kuu ya Tanzania ilijenga mfumo wa malipo ya papo kwa papo uitwao TIPS, unaoziunganisha benki na mitandao ya simu. Hata hivyo, kutumiana pesa kati ya mtu na mtu ni jambo moja, na kitufe cha kulipia dukani ni jambo jingine. Duka linaloonyesha nembo ya mtandao mmoja humfanya mwenye laini nyingine adhani hahusiki.

Kisha wapo wateja wa mbali: Mtanzania aliyeko Muscat anayetaka kumtumia mama yake zawadi, Mkenya wa Minneapolis anayeagiza vitenge, mtalii aliyerudi Ujerumani akakumbuka viungo alivyovionja Zanzibar. Hawa wanataka kadi. Duka lisilo na njia ya kadi linawafungia mlango kama lile la kadi tupu lilivyomfungia mteja wa Mwanza.

Njia nyepesi ya kupata jibu ni kufungua daftari au meseji za WhatsApp na kuwahesabu wateja 30 wa mwisho. Wanakaa wapi? Walilipa kwa mtandao gani? Wangapi waliomba kulipa wakipokea mzigo? Orodha hiyo ya dakika ishirini itafaa kuliko matangazo yote ya makampuni.

Lipa Namba inatosha mpaka lini?

Maduka mengi ya Instagram na WhatsApp huanza kwa njia fupi: "Tuma kwenye namba hii, kisha nitumie meseji ya muamala." Kwa oda tatu kwa wiki njia hiyo inafanya kazi. Zikifika kumi kwa siku, inageuka mtego.

Matapeli hutengeneza meseji zinazofanana kabisa na za mtandao wa simu, zenye jina, kiasi na namba ya muamala, na muuzaji mwenye haraka hukabidhi mzigo kwa bodaboda kabla hajaangalia salio. Wengine hulipa kweli, wakishapokea bidhaa huomba muamala urudishwe kwa madai kwamba walikosea namba. Huduma ya kurudisha muamala iliwekwa kwa nia njema, ili kumwokoa mtu aliyekosea tarakimu, lakini pesa zilizolala kwenye laini binafsi zinaweza kuzuiwa wakati malalamiko yanachunguzwa.

Hatua ya pili, iliyo salama zaidi, ni namba ya biashara: Lipa Namba kwa Tanzania, Till au Paybill kwa Kenya, ambako Lipa na M-Pesa ilianza mwaka 2013. Pesa huingia kwenye akaunti ya biashara, jina la duka huonekana kwa mteja kabla hajathibitisha, na mauzo hayachanganyiki na pesa za ada ya watoto. Duka changa linaweza kukaa hapa kwa miezi mingi bila aibu yoyote. Kinachokosekana ni mawasiliano kati ya malipo na tovuti. Mwenye duka bado anakaa na simu akilinganisha majina, na oda ya usiku inasubiri mpaka aamke.

Safari ya shilingi

Kampuni ya malipo huondoa kazi hiyo ya mkono. Mteja anaandika namba yake ya simu kwenye tovuti, tovuti inaiambia kampuni, kampuni inauambia mtandao wa simu, na ndani ya sekunde chache dirisha dogo linachomoza kwenye simu ya mteja likitaja jina la duka na kiasi. Anaingiza namba ya siri. Mtandao unakata pesa na kurudisha jibu kwa njia ileile, na tovuti inaandika kwamba oda imelipwa.

Sehemu nyepesi kuvunjika ni hiyo ya jibu kurudi. Katika mfumo wa Daraja, ambao Safaricom, kampuni yenye M-Pesa ya Kenya, iliufungua kwa watengenezaji wa programu mwaka 2017, jibu huja likiwa na namba: 0 maana yake malipo yamekamilika, 1 salio halitoshi, 1032 mteja ameghairi, 1037 simu yake haikupatikana au muda umekwisha. Duka lililounganishwa vizuri humweleza mteja kilichotokea kwa Kiswahili cha kawaida na kumpa nafasi ya kujaribu tena. Lililounganishwa ovyo humwandikia "Hitilafu" na kumwacha na maswali.

Kuna hali mbaya zaidi: pesa zimekatwa, lakini jibu limepotea njiani kwa sababu seva ya duka ilikuwa imezimika. Mteja ana meseji ya makato, duka linasema hajalipa. Hapo ndipo ubora wa kampuni unapoonekana. Kampuni nzuri huruhusu tovuti kurudi na kuuliza, "Muamala huu uliishia wapi?" Tena humpa mwenye duka ukurasa wa kuona miamala yote ya siku, ili kila jioni aweze kulinganisha kilichouzwa na kilichoingia. Mwenye duka na amuulize fundi wake swali hili kabla ya kumlipa: jibu lisipofika, tovuti itafanya nini?

Kadi ina safari ndefu kidogo. Kati ya mnunuzi na muuzaji wamesimama benki iliyotoa kadi, mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, benki inayompokelea muuzaji, na kampuni ya malipo yenyewe. Kila mmoja anakata chake. Ndiyo sababu ya malipo ya kadi kuwa na makato makubwa kuliko ya simu, na ya kadi za nje kuwa ghali kuliko za ndani.

Milango mitatu

Muuzaji mdogo wa Afrika Mashariki ana milango mitatu ya kupitia. Wa kwanza ni kuungana moja kwa moja na mtandao wa simu, kama Daraja inavyoruhusu kwa M-Pesa ya Kenya. Makato huwa nafuu kwa kuwa hakuna mtu wa katikati, ila kazi ya fundi ni kubwa, na anayetaka mitandao minne atafanya kazi hiyo mara nne.

Wa pili ni benki. Benki kubwa kama NMB, CRDB, KCB na Equity huwapa wafanyabiashara huduma ya kupokea kadi mtandaoni. Aliyekwisha kujenga uhusiano na tawi lake hupata mtu wa kumwendea ana kwa ana tatizo likitokea. Asiye na hesabu za miaka ya nyuma huenda akasubiri sana.

Wa tatu ni kampuni inayokusanya njia nyingi chini ya paa moja: mitandao ya simu, kadi, wakati mwingine na benki, zote kwa mkataba mmoja. Pesapal ilianza Nairobi mwaka 2009. DPO, iliyoanza mwaka 2006 na kujulikana sana katika utalii, ilinunuliwa na Network International ya Dubai mwaka 2021. Selcom, ClickPesa na AzamPay zinafahamika Tanzania. Kutoka Nigeria kuna Flutterwave, ya mwaka 2016, na Paystack, ya mwaka 2015, ambayo Stripe iliinunua mwaka 2020 kwa zaidi ya dola milioni 200. Kwa duka dogo lenye wateja wa ndani na wa nje, mlango huu wa tatu ndio unaofaa mara nyingi. Fundi hufanya kazi mara moja, na kampuni nyingi zina kiunganishi kilicho tayari kwa WooCommerce, programu ya maduka inayotumiwa na tovuti nyingi ndogo.

Anayetumia Shopify ana hesabu moja ya ziada. Muuzaji asiyetumia huduma ya Shopify Payments hutozwa na Shopify yenyewe ada juu ya kila mauzo, asilimia 2 kwa mpango wa msingi, mbali na makato ya kampuni ya malipo. Wengi hugundua hilo baada ya mwezi wa kwanza.

Na PayPal? Wateja wa Ulaya na Marekani wanaiamini, na hilo lina thamani. Tangu mwaka 2018 Mkenya anaweza kuhamisha salio lake la PayPal kwenda M-Pesa. Kwa Mtanzania mambo ni magumu zaidi: kwa miaka mingi akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania imekuwa ya kutuma pesa, si ya kupokea. Anayeshauriwa "fungua PayPal tu" na ndugu aliyeko ughaibuni na alihakikishe hilo kabla ya kuchapisha kitufe.

Hesabu ya makato

Asilimia iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo ni mwanzo wa hesabu tu. Tuseme duka la vikapu linauza oda 60 kwa mwezi, kila moja shilingi 45,000, jumla 2,700,000. Kampuni ya kwanza inatoza asilimia 3.5 bila kitu kingine. Ya pili inatoza asilimia 2, pamoja na shilingi 500 kwa kila muamala, na shilingi 5,000 kila pesa zinapohamishwa kwenda benki.

Kwa macho, ya pili ni nafuu. Kwa kalamu, ya kwanza inakata 94,500 kwa mwezi. Ya pili inakata 54,000 za asilimia, 30,000 za miamala na 20,000 za kuhamisha pesa mara nne, jumla 104,000.

Duka likiuza sabuni za shilingi 6,000, tofauti inakuwa kali zaidi. Kampuni ya kwanza itachukua shilingi 210 kwa kila sabuni. Ya pili itachukua 620 kabla hata ya gharama ya kuhamisha, yaani zaidi ya asilimia 10 ya bei. Faida yote ya muuzaji inaweza kuishia hapo. Jambo hili halipo Afrika Mashariki peke yake: kiwango cha kawaida cha Stripe nchini Marekani, asilimia 2.9 na senti 30, humla karibu asilimia 18 muuzaji wa kitu cha dola 2, ilhali anayeuza kitu cha dola 50 hulipa asilimia 3.5.

Kwa hiyo mwenye duka aandike kwenye karatasi bei ya wastani ya bidhaa zake, idadi ya oda anazotarajia, na mgawanyo wa simu na kadi. Aiombe kila kampuni ijibu maswali yaleyale: asilimia ngapi kwa simu, ngapi kwa kadi ya ndani, ngapi kwa kadi ya nje, kiasi gani cha kudumu kwa kila muamala, ada ya mwezi, ada ya kuhamisha pesa, ada ya kumrudishia mteja. Aulize pia kama makato ya mauzo hurudishwa pale mteja anaporudishiwa pesa yake. Kampuni nyingi hazirudishi. Mwishoni aulize nani analipa makato ya mtandao wa simu, mteja au duka. Tanzania ilijifunza Julai 2021, tozo za miamala ya simu zilipoanza na kuzua kilio hadi Serikali ikazipunguza, jinsi watu wanavyozihesabu shilingi chache zinazoongezeka juu ya bei.

Pesa zinafika lini, na kwa sarafu gani?

Muuzaji wa vikapu huwalipa wasukaji kwa pesa taslimu. Akilipwa na wateja Jumatatu na kampuni ikamwekea benki Jumatatu inayofuata, wiki nzima anafanya biashara kwa pesa za mkopo au hafanyi kabisa. Kampuni zinatofautiana sana hapa. Zipo zinazohamisha siku ya pili ya kazi, zipo za mara moja kwa wiki, na zipo zinazosubiri salio lifike kiwango fulani. Malipo ya kadi za nje hucheleweshwa zaidi. Mikataba mingine inairuhusu kampuni kuzuia sehemu ya mauzo kwa miezi kadhaa kama akiba ya malalamiko, hasa kwa wauzaji wapya na wa safari za utalii. Kifungu hicho huwa kwenye kurasa za mwisho, na ndicho cha kusoma kwanza.

Sarafu nayo ina gharama yake. Mteja wa London akilipa kwa pauni na duka likapokea shilingi, kuna mahali pesa zimebadilishwa, na aliyebadilisha amejipatia tofauti ya kiwango. Wauzaji wa Tanzania wana jambo jingine la kukumbuka: kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za Machi 2025 zilikataza kutangaza na kutoza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Duka la Tanzania na lihakikishe bei zake zinaonekana kwa shilingi, na kampuni ya malipo inaweza kumtoza mteja kwa shilingi.

Siku ya malalamiko

Mwenye kadi aliyeko ng'ambo ana haki ambayo wauzaji wengi wadogo huisikia kwa mara ya kwanza siku imewaumiza. Anaweza kuiambia benki yake kwamba hakununua, au kwamba mzigo haukufika, na benki ikazivuta pesa kutoka kwa muuzaji. Kwa kadi za Visa muda wa kufanya hivyo kwa kawaida hufika siku 120. Kikapu kilichouzwa Januari kinaweza kudaiwa Aprili, wakati milulu imeshalipiwa na posta imeshachukua chake.

Kinga iko katika mambo mawili. La kwanza ni uthibitisho wa ziada, ule ambao benki humtumia mwenye kadi msimbo kwenye simu kabla ya malipo kupita. Muamala ukithibitishwa hivyo, mara nyingi hasara ya kadi iliyoibwa huhamia kwa benki iliyoitoa. Mwenye duka na aulize kama kampuni inautumia kwa kadi zote. La pili ni kutunza ushahidi: namba ya kufuatilia kifurushi, picha ya mzigo, mazungumzo na mteja. Kampuni ikileta taarifa ya malalamiko, siku za kujibu huwa chache.

Namba za kadi zenyewe zisiingie kabisa kwenye seva ya duka. Tangu mwaka 2004 makampuni ya kadi yana kanuni za pamoja za usalama, ziitwazo PCI DSS, na zinamhusu kila anayepokea kadi, mkubwa kwa mdogo. Njia nyepesi ya kuzitimiza ni kumpeleka mteja kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo, akajaze huko na kurudishwa dukani. Fundi anayependekeza kuhifadhi namba za kadi, hasa zile tarakimu tatu za nyuma, "ili mteja asijaze tena" anamwingiza mwenye duka hatarini, kwa sababu kanuni zinakataza kuhifadhi tarakimu hizo malipo yakishapitishwa. Majina, simu na anuani za wateja nazo zina sheria: Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022.

Leseni kwanza

Kabla ya haya yote kuna swali moja la ndiyo au hapana: kampuni hii ina leseni? Kenya ina Sheria ya Mfumo wa Malipo wa Taifa ya mwaka 2011, Tanzania ina yake ya mwaka 2015, na benki kuu za nchi zote mbili huchapisha orodha ya walioruhusiwa. Kuangalia orodha hizo ni bure.

Umuhimu wake ulionekana Julai 2022, Benki Kuu ya Kenya ilipotangaza kwamba Flutterwave na Chipper Cash hazikuwa na leseni ya kufanya shughuli za malipo nchini humo, na kuziagiza benki ziache kushirikiana nazo. Akaunti zilizohusishwa na Flutterwave zilizuiwa mahakamani, na baadaye kesi ziliondolewa. Kwa muuzaji mdogo, hata miezi michache ya sintofahamu kama hiyo inatosha kumkosesha mtaji. Ulaya nako walipata somo lao. Juni 2020 kampuni ya malipo ya Ujerumani, Wirecard, ilifilisika baada ya kukiri kwamba euro bilioni 1.9 zilizoandikwa vitabuni huenda hazikuwahi kuwepo, na nchini Uingereza watumiaji wa programu kadhaa za fedha walikaa siku chache bila kuweza kutumia kadi zao.

Kutokana na hayo, duka lisilale na pesa nyingi kwenye akaunti ya kampuni ya malipo. Zihamishwe benki kila zinapoweza kuhamishwa. Na kama mauzo yanaruhusu, liwepo lango la pili: Lipa Namba iliyoandikwa wazi kwenye tovuti inatosha, ili siku mfumo mkuu ukilala mteja asirudi mikono mitupu.

Jaribio la siku chache

Mwenye duka aliyefika hapa amebaki na kampuni mbili au tatu kwenye karatasi yake. Asisaini bado. Apige simu ya huduma kwa wateja ya kila moja Jumamosi jioni, muda ambao maduka ya mtandaoni huuza, aone kama kuna anayepokea na anayejua anachokisema. Atakayoichagua aiunganishe na duka kabla ya kulitangaza, aweke bidhaa moja ya shilingi 1,000, kisha ainunue yeye mwenyewe kwa laini ya kila mtandao na kwa kadi moja ya ndugu aliyeko nje.

Aghairi katikati mara moja, aone tovuti inasema nini. Aingize namba ya siri isiyo sahihi. Aombe kurudishiwa pesa za ununuzi mmoja na ahesabu siku. Aandike ni saa ngapi zilipita kati ya meseji ya mteja na pesa kuonekana benki, na kiasi gani kilikatwa njiani, senti kwa senti. Namba hizo azilinganishe na zile alizoahidiwa na afisa mauzo. Zikitofautiana, ahamie kampuni inayofuata kwenye orodha. Kubadilisha kampuni kabla ya duka kufunguliwa ni kazi ya siku chache, na jaribio zima halimalizi shilingi elfu kumi.